Ukurasa wa Tufaha

Mwalimu Donatus Mihayo hakufundisha neno lolote la Kiingereza kabla kitu chenyewe hakijakaa mezani. Kanuni hiyo aliingia nayo mwaka 1947 katika shule ya misheni, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Mhunze, na hakuiacha. Mbele ya darasa palikuwa na meza ya mninga. Watoto walikishika kitu, wakakinusa, wakakipitisha kwa wenzao, ndipo jina lake likaandikwa ubaoni. Jembe lilipita pale, na kibuyu, na tumba la pamba, hata kuku, ambaye aliichafua meza na somo likaendelea.

Mwanafunzi wake bora alikuwa Paskazia, binti wa Mageni mfugaji. Mwaka 1952 alikuwa darasa la nne, na alikuwa na miaka kumi na sita, maana alianza shule kwa kuchelewa. Shule ya kati ya masista ilikuwa na nafasi moja tu kwa wasichana wa eneo lile, na mkaguzi wa shule ndiye aliyemchagua wa kuipata. Baba yake alisema wazi.

"Mwalimu, mkaguzi akimchagua, aende. Asipomchagua, kuna watu wa Segese wamekuja kumposa, wanangoja jibu langu. Neno langu ni hilo."

Mwaka huohuo kikaja kitabu kipya cha Kiingereza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya tunda jekundu lililokatwa nusu, na chini yake neno "apple". Donatus hakuwahi kuliona tunda hilo, wala mtu mwingine kijijini.

Akamwuliza Hatibu, mwenye duka, mzaliwa wa Pangani. Hatibu akacheka. "Hilo si tufaha, mwalimu? Kwetu yanaanguka yanaoza. Jekundu, ndani jeupe, kokwa moja kubwa." Donatus akamwonyesha picha. Ndani ya tunda mlikuwa na mbegu ndogo nyeusi, kadhaa. Hatibu akakuna kidevu. "Basi hilo la kwao wenyewe. Letu limeazima jina tu."

Akaenda kwa padre, aliyekuwa na kamusi nene. Huko akasoma mambo yaliyomsumbua kuliko kutojua. Waingereza wa kale waliita kwa neno hilo karibu kila tunda. Tende waliziita matufaha ya vidole, matango wakayaita matufaha ya ardhi, na nanasi hadi leo wanalipa jina lenye neno hilohilo ndani yake. Na tunda la Edeni, ambalo wachoraji wao hulichora kama tufaha, Maandiko hayalitaji jina. Yanasema tunda, basi.

"Neno limetangatanga kiasi hiki," alimwambia mkewe, Bernadina, "nami niwape watoto picha tu?"

Bernadina alikuwa akipepeta mtama. "Baba Klara, Mungu ulimweka mezani lini? Mbona kila Jumapili unafundisha habari zake?"

Donatus alichukua uji mzito wa muhogo, akaugundisha ukurasa wa kwanza na jalada, kitabu kimoja baada ya kingine, vyote ishirini, usisomwe mpaka tunda lenyewe lipatikane.

Tusiseme hakujitahidi. Wakati wa likizo alipanda lori la pamba hadi Mwanza, akavuka ziwa, akafika Geita, ambako binamu yake Gregory alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa mgodini. Matufaha yalikuwepo, yamefunikwa majani makavu ndani ya sanduku. Gregory akamnyooshea moja.

"Tia mfukoni upesi, kaka."

"Umemwomba mwenyewe?"

"Nimwombe tunda moja? Anione mwehu?"

"Lirudishe. Cha wizi hakikai mezani pangu."

"Haya, basi kawaambie umeliona!"

"Watoto wangu hawasomi kwa macho yangu."

Alingoja siku mbili amwombe mwenye nyumba, lakini yule alikuwa safarini, na likizo ikaisha. Donatus akarudi analijua tunda kwa umbo, rangi na harufu. Ukurasa ukabaki umegundishwa.

Mkaguzi alikuja mwezi wa kumi. Akamwita Paskazia mbele, naye akataja kwa Kiingereza kila kitu kilichokuwa mezani, bila kukosea. Kisha mkaguzi akafungua kitabu chake mwenyewe mwanzoni kabisa.

"Na hiki?"

Donatus alikuwa amewafundisha pia kwamba asiyejua aseme hajui. Paskazia akasema, "Sijui, bwana."

"Hujui? Huu ni ukurasa wa kwanza!"

"Wetu umegundishwa, bwana."

Wanafunzi wa nyuma wakacheka. Donatus akasimama. "Mimi ndiye niliyeugundisha. Binti hana kosa."

"Sikusema ana kosa," mkaguzi akajibu. "Nasema hajui."

Nafasi ikaenda kwa msichana wa shule nyingine.

Donatus alikwenda kwa Mageni kumwomba angoje mwaka mmoja. Mageni alimpa kigoda na maziwa, akamsikiliza mpaka mwisho. "Mwalimu, wewe ulikuwa na neno lako, nami nilikuwa na langu. Lako ulilishika. Niache nami nilishike langu." Donatus aliyanywa maziwa, akaaga.

Nimesikia wengi wakimsifu mwalimu yule kwa msimamo, nami nakubali kwamba hakusema uongo wala hakuiba. Lakini mtu mwenye kanuni na aangalie ni mgongo wa nani unaoibeba. Donatus alikuwa na njia ya kumlinda yule binti: kuufungua ukurasa na kusema, hili nimeliona Geita, mniamini. Aliona ni aibu kuaminiwa.

Mwaka 1955 Gregory alimletea tufaha alilolinunua Mwanza kwa fedha yake mwenyewe. Likakaa mezani siku nzima, na watoto wote wakalishika. Donatus alikuwa amepewa barua moja ya onyo kwa ajili ya vitabu vile, na akaendelea kufundisha mpaka alipostaafu. Paskazia alikuwa Segese na watoto wawili. Hakuingia darasani tena.