Kupe wa Orrin kwenye Kalenda ya Verna

Jumamosi, tarehe 15 Juni 1996. Manyunyu asubuhi, jua baada ya saa sita, majani yamefika magotini.

Winifred Beebe, mpishi wa shule yetu hapa Connecticut, hakuwa amewahi kulala bila kumkagua mumewe mgongo. Orrin ni fundi wa kuta za mawe, na kupe humganda kila kiangazi. Winifred humng'oa kupe kwa kibano, kisha humbandika kwa selotepu kwenye kalenda ya jikoni, juu ya tarehe ya siku hiyo, ili mtu akiugua homa ya kupe daktari apate pa kuanzia.

Jioni ile alikuta alama nyekundu chini ya bega, imeshapakwa dawa.

"Nani kakutoa kupe?"

"Verna." Huyo ni mjane ambaye Orrin alikuwa akimjengea ukuta.

"Kwa hiyo ulivua shati."

"Sasa mke wangu, kupe ang'olewe juu ya shati?"

"Basi huyohuyo Verna awe anakukagua. Si ana macho makali!"

Siku kumi na moja hakumgusa mgongo. Alipika kwa kubamiza sufuria, na Orrin akichelewa dakika tano, alisimama dirishani.

Tarehe 26 Orrin aliamka na homa, shingo imekaza. Winifred akamfunua shati: mduara mwekundu, mpana kama sahani. Angekuwa anakagua, angeuona ukiwa kama kifungo. Daktari alitoa vidonge, akataka pia kumwona kupe mwenyewe: ni yule mdogo wa paa wa porini, anayeeneza homa hiyo, au mkubwa wa mbwa?

Winifred akaenda kwa Verna, uso ameukunja. Verna naye ana desturi hiyohiyo; kwenye kalenda yake palikuwa na kupe mmoja tu, mdogo kama ufuta, na pembeni jina: Orrin.

"Umemtunza kama pete," Winifred akasema.

"Mchukue, dada. Nilimwambia mumeo akuletee, akasema nyumbani moto upo wa kutosha."

"Mwaka mzima kupe mmoja? Wa kwako wanakwenda wapi?"

"Wa mgongoni siwaoni. Tangu mume wangu afariki, najisugua mlangoni kama ng'ombe."

Winifred alimchukua kupe, akaondoka bila asante.

Kesho yake asubuhi alimpa Orrin kidonge, akatia kibano mfukoni mwa aproni, akarudi kwa Verna.

"Geuka," akamwambia. "Na usinizoee."