Goti la Yasmina

Mama wa msichana niliyemvunja goti alikuja kwetu na kuku wawili, kunishukuru.

Alisimama mlangoni, kwenye nyumba zetu za askari pale Base ya Kamina, kuku wamefungwa miguu. Baba akampa kiti. Majirani wakachungulia.

"Papa Bokungu," akasema, "uko na mutoto muzuri. Alibeba Yasmina wangu ku mugongo mpaka ku barabara. Kama haikuwa ye, mutoto wangu angebakia pale mu mavumbi."

Baba ana miaka ishirini na sita jeshini na hasifu mtu ovyo. Siku hiyo aliniangalia kama vile nimepewa nishani.

Mimi nikaangalia chini. Wote wakafikiri ni adabu.

Ilikuwa aibu. Acha niwaeleze.

Naitwa Feza. Mwaka jana nilikuwa beki wa kati na kapiteni wa Nyota ya Kamina, timu yetu ya wanawake. Wengi wetu ni watoto wa askari. Yasmina alitoka mjini. Wazazi wake ni Waislamu, asili yao Maniema, na mama yake, Maman Rehema, anauza samaki wakavu wa Bukama sokoni.

Siku ya kwanza alikuja na kitambaa kichwani na suruali ya kubana chini ya kaptula. Tulicheka.

Tulicheka dakika kumi tu.

Beki wa kulia akiugua, Yasmina anacheza kulia. Wa kushoto akienda kwenye matanga ya shangazi yake, Yasmina anahamia kushoto. Siku moja kipa wetu, Kyabu, alipigwa kadi nyekundu. Yasmina akavaa glovu zake na kuzuia penalti.

Coach Mukalay alimwita Passe-partout, ufunguo wa kila mlango.

Na mimi nilimpenda, sitadanganya. Nilimpenda mpaka siku alipopewa mlango wangu.

Ilikuwa Alhamisi, zimebaki mechi mbili ligi iishe. Coach alitukusanya kabla ya mazoezi.

"Feza, dimanche, siku ya mechi, utaanzia ku banc. Yasmina atakamata katikati."

"Juu ya nini, Coach?"

"Siku hizi unachelewa kugeuka. Haina kitu mubaya na weye. Ni mpira."

Kapiteni kwenye benchi. Mbele ya timu nzima. Masikio yaliniwaka.

Nusu saa baadaye tulikuwa tunacheza sisi kwa sisi. Yasmina alipiga pasi ndefu, nzuri sana. Mpira ulikwisha kuondoka. Watu wote waligeuza vichwa kuufuata.

Mimi sikuufuata. Niliingia na miguu miwili kwenye goti lake.

Nilisikia mlio, kama muwa unavunjwa.

Nimejiambia mara elfu kwamba sikutaka kumvunja. Nilitaka aumie kidogo, akose Jumapili moja. Ona vile mtu anavyojitetea. Kidogo.

"Ameteleza," nilisema, kabla mtu yeyote hajauliza.

Yasmina alikuwa chini, mdomo wazi, sauti haitoki. Aliniangalia. Sikuweza kuvumilia macho yale, kwa hiyo nikainama, nikampandisha mgongoni na kukimbia naye mpaka barabarani. Tulipanda pikipiki moja mpaka hospitali, mimi nyuma nimemshikilia. Njia nzima alikuwa ananiuma mkono kwa maumivu.

Daktari alisema mshipa wa ndani ya goti umekatika. Miezi tisa bila mpira. Na hata baada ya hapo, hawezi kuahidi kitu.

Jumapili tulienda Kabongo tumepanda lori. Nafasi yangu ilirudi. Nilivaa kitambaa changu cha kapiteni.

Tukapigwa nne bila.

Coach alihamisha watu kama mtu anayeziba paa linalovuja. Ukiziba hapa, maji yanatokea kule. Kila mpira ulipokuja nyuma, niliona wenzangu wanageuza macho kumtafuta mtu ambaye hayupo. Na mimi pia nilimtafuta.

Njia ya kurudi hakuna aliyeimba. Bahati yetu tu, Bukama nao walikuwa wametoka sare. Mechi ya mwisho ingekuwa sisi na wao, hapa Kamina, baada ya wiki mbili. Atakayeshinda ndiye atakayeenda mashindano ya Lubumbashi.

Kesho yake ndipo Maman Rehema alipokuja na kuku.

Mama yangu aliwapika wote wawili. Nilisema tumbo linaniuma. Akanitengea firigisi kwenye kisahani, ile sehemu ya mgeni wa heshima, na baba akakaa kuniangalia nile.

Nikaila.

Jumatano tukiwa mazoezini, pikipiki ikasimama kando ya uwanja. Yasmina akashuka, plasta mpaka kwenye paja, magongo kwapani. Kyabu akamkimbilia na kiti cha plastiki.

"Coach," akasema, "minyi siwezi kucheza. Lakini kazi yangu naijua. Mutu moja hataiweza. Tuigawanye."

Akaigawanya pale pale. Kyabu, kwa sababu kipa anaona uwanja wote, atapiga kelele na kupanga watu. Ngoie, winga wetu mwenye mbio, atashuka kufunika pande zote mbili.

"Na weye, Feza, kuja hapa."

Nilienda. 

Siku zote zilizobaki alinifundisha akiwa kwenye kile kiti. Wenzangu wakienda kunywa maji, mimi nabaki naye.

"Usiangalie mpira. Angalia kiuno ya mutu. Kwenye kiuno inaenda, ndio kwenye ataenda."

"Ndiyo."

"Usingojee afike. Geuka mapema. Coach alisema kweli, unachelewaka."

"Ndiyo."

"Na usiingie na miguu mbili."

Aliisema polepole. Nikamwangalia usoni, lakini yeye alikuwa anaangalia uwanja.

Usiku wangu uacheni. Mchana ndio ulikuwa mgumu. Kila siku nilisema leo nitamwambia. Jumatatu nikasema Jumanne. Jumanne nikasema, hapana, timu itavurugika, acha mechi ipite. Nilijipa sababu nzuri nzuri. Mtu mwenye kosa hakosi sababu.

Na kibaya zaidi, nilikuwa naanza kucheza vizuri. Alichonifundisha kilikuwa kinaniingia.

Siku ya Bukama uwanja ulijaa. Askari walikuja na tarumbeta za fanfare, bendi yao. Ngoie alifunga mapema, halafu tukaminywa saa nzima. Kyabu alipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Zikiwa zimebaki dakika tano, mshambuliaji wao alinijia peke yake. Mpira ulienda kushoto, kiuno kikabaki kulia. Niligeuka mapema. Nikautoa kwa mguu mmoja, safi.

Moja bila. Tukashinda.

Walinibeba juu. Mtu wa redio akanisogezea simu mdomoni.

"Kapiteni, mulifanya namna gani bila Yasmina?"

Hapo ndipo ningesema. Watu wote walikuwa pale.

"Ni Mungu," nikajibu.

Wakapiga makofi. Yasmina naye, kwenye kiti chake, akapiga makofi.

Sikuweza kula wala kukaa. Asubuhi yake nilienda kwao. Maman Rehema alikuwa ameshaenda sokoni. Yasmina alikaa kwenye kibaraza, mguu juu ya stuli, anachambua maharage.

"Yasmina, iko neno nataka kukuambia. Siku ile haukuteleza."

"Najua," akasema.

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharage.

"Unajua tangu wakati gani?"

"Tangu mguu yako haijafika bado. Minyi naangaliaka viuno, Feza. Kiuno yako haikukuwa ku mpira."

Nilikaa chini kwenye saruji, bila kukaribishwa.

"Sasa juu ya nini haukusema? Ulinifundisha. Mama yako alikuja kwetu..."

"Mama nilimwambia ulinibeba. Ile ni kweli. Zingine sikumwambia."

"Ulinihurumia?"

Hapo akaacha maharage.

"Apana. Nilihesabu mabeki. Tulikuwa batano. Minyi nikitoka, tunabakia bane. Ningesema, Coach angekufukuza siku ile ile, tunabakia batatu. Na batatu haiwezi kukamata Bukama." Akagonga plasta kwa kidole. "Nilicheza miaka mbili juu ya hii kombe ya Lubumbashi. Singeweza kuiacha ipotee juu yako."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa msamaha. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa.

"Unanisamehe?"

"Kule sijafika," akasema. "Mechi imeisha. Coach anakuya hapa leo saa kumi kuniona. Utamwambia weye, ao nitamwambia minyi?"

Saa kumi nilimwambia Coach Mukalay, Yasmina akisikiliza. Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono tu, nikatoa kitambaa cha kapiteni kilichokuwa bado kwenye mfuko wangu, nikampa. Siku iliyofuata nilisema mbele ya timu. Kyabu alitema mate karibu na kiatu changu. Nilifungiwa mwaka mmoja. Lubumbashi walienda bila mimi.

Sokoni nilimkuta Maman Rehema anapimia mteja samaki. Nilisema yote nimesimama, watu wanapita. Alimaliza kumpimia mteja, akamfungia, akamrudishia chenji yake.

Halafu akasema, "Nilikusifu mbele ya baba yako. Enda umwambie na ye."

Nikaenda. Baba alizima redio, akatoka nje. Siku tisa hakuniita jina.

Sasa mwaka umepita. Plasta ilitoka, lakini goti la Yasmina halijarudi kama zamani. Anachechemea. Coach amemfanya msaidizi wake, na wasichana wadogo wanamwogopa kuliko Coach mwenyewe. Mimi nimeruhusiwa kurudi. Ninaanzia benchi, na sijauliza kwa nini. Tukikutana anajibu salamu yangu. Hatujawahi kuvuka hapo.

Ninaandika hii kwa ajili yako wewe uliyemuumiza mtu na unangoja wakati mzuri wa kusema. Nilifikiri kwa wiki zile mbili na zaidi kwamba mimi ndiye ninayebeba siri nzito. Kumbe niliyemvunja ndiye aliyekuwa anaibeba, juu ya goti bovu, na bado anafanya kazi ya kunifanya mimi niwe mchezaji.

Ungama mapema, hata kama utapoteza nafasi. Mtu uliyemuumiza ana mzigo wake tayari. Usimwongezee na wa kukuficha.