Nani Atakuwa Nami Majini

Mwavita Mukundwa anashona nguo mjini Kamembe, karibu na ziwa Kivu, kwenye baraza ya duka la vitenge, kando ya barabara inayoshuka Cyangugu. Amevuka miaka hamsini, ni mjane, na watoto wake wote wana nyumba zao. Mengi maishani mwake alichaguliwa na wengine. Wajomba walimchagulia mume. Kabla ya hapo, mama yake alipofariki, hakuna aliyemuuliza kama angependa kuacha shule ili amlee mdogo wake, Hakimu. Aliacha tu. Hasemi hayo kwa kulalamika, maana mume alikuwa mwema, na Hakimu alikua vizuri. Leo anaendesha basi la abiria mjini Montreal.

Hakimu ndiye aliyempigia simu siku moja ya mvua, mashine ikiwa imesimama kwa kukosa umeme.

"Yaya," alisema, kama tunavyomwita huku dada mkubwa, "likizo hii nakwenda Guadeloupe, kisiwa kimoja cha Karibi. Nakwenda kuzamia baharini. Na wewe unakuja."

"Nije kukulindia nguo pwani?"

"Hapana. Tutazama wote wawili, na mtungi wa hewa mgongoni. Tiketi ni juu yangu. Lakini nyumba ya kulala na watu wa kutuzamisha, utachagua wewe."

"Watu wa kutuzamisha!"

"Na kuturudisha juu, Yaya. Ila sitaki kusikia 'fanya kama unavyoona'. Uchague mwenyewe."

Mwavita alicheka mpaka mwenye duka akatoka kumtazama. Maji hayakumtisha, alijifunza kuogelea ziwani Kivu tangu yuko mtoto. Kilichomtisha ni kule kuchagua. Kwa siku kadhaa alishika simu na kuiweka. Kisha akavaa miwani, akaanza.

Kifaransa anakisoma vizuri, na huko Guadeloupe ndicho wanachotumia. Lakini kampuni za kuzamia zilikuwa nyingi, na picha zote zilifanana: maji ya buluu, vijana wembamba wanacheka. Hakuona hata mama mmoja wa umri wake. Basi akaamua kuziandikia zote swali moja: "Mimi ni mwanamke mtu mzima, Mwislamu, sijawahi kuzamia. Nani atakuwa nami majini?"

Kampuni kubwa kuliko zote ilimjibu papo hapo kwamba walimu wake wote wana vyeti, alipe nafasi kabla hazijaisha. Nyingine ikasema atapewa yeyote atakayekuwa zamu. Moja haikujibu kabisa.

Ya mwisho ilituma ujumbe wa sauti. Ilikuwa ya mwanamke, nzito kidogo, na nyuma yake kuku wakilia.

"Bonjour, Madame Mwavita. Naitwa Chloé. Nitakayekuwa nawe ni mimi mwenyewe. Vazi la kuzamia linafunika mwili wote, na kofia yake ya mpira ipo. Lakini kwanza niambie: unalala vizuri? Kichwa kinakuuma? Presha umepima lini?"

Mwavita alisikiliza mara ya pili. Kichwa kilikuwa kikimuuma, ndiyo, hasa jioni, naye siku zote alilaumu macho na sindano. Presha hakukumbuka kuipima. Akamwambia hivyo hivyo.

Chloé akajibu: "Basi uende kwa daktari. Bila yeye kukubali sikuchukui, hata ukilipa mara mbili."

Hakimu aliposikia alikasirika. "Huyo anatusumbua, Yaya! Ile kampuni kubwa haiulizi kitu. Tuende kwao."

"Umesema nichague mimi?"

"Nimesema."

"Basi nimechagua huyu anayenikatalia. Muntu anayeogopa kwa ajili yangu kabla hajaniona, huyo nitamfuata majini."

Alikwenda hospitali. Daktari, kijana mmoja mpole aitwaye Nsengiyumva, alimpima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akamwambia akae apumzike, akapima tena. Presha ilikuwa juu sana.

"Maman, umetembea na hii kwa muda mrefu," alisema. "Nani amekuambia uje?"

"Mwanamke mmoja wa Karibi."

Daktari alidhani anatania.

Safari iliahirishwa. Hakimu alibadilisha likizo yake; siku aliyoambiwa matokeo alisema tu, "Alhamdulillahi, Yaya. Na mimi nilitaka twende kwa wale wengine." Mwavita alianza vidonge, akapunguza chumvi, akawa anatembea asubuhi mpaka Mururu na kurudi. Maumivu ya kichwa yakaondoka. Msimu ulipogeuka, daktari alimruhusu, na yeye mwenyewe akamwandikia Chloé kwamba asimpeleke chini sana.

Nyumba ya kulala ilikuwa rahisi kuchagua baada ya hapo. Hakimu alitaka hoteli yenye bwawa. Mwavita akachukua vyumba viwili juu ya duka la mikate, kwa sababu vilikuwa na jiko la kupikia chakula chake na dirisha linaloingiza upepo, na kwa sababu mwenye nyumba, alipoulizwa kelele za usiku, alikiri kwamba mashine ya kukanda unga huanza kabla ya alfajiri. "Vizuri," Mwavita aliandika, "itaniamsha kwa sala."

Siku ya kwanza baharini masikio yalimuuma kabla hajafika popote. Alionyesha kidole gumba juu, ishara aliyofundishwa ya kutaka kupanda, na Chloé, mama mfupi mwenye mvi, akampandisha taratibu, wala hakuonyesha kukasirika. "Kesho," alisema. Hakimu aliporudi juu alimkuta dada yake kwenye boti anakula ndizi.

Kesho yake walishuka pole pole, Chloé na Hakimu wakimshika kila mmoja mkono. Masikio yakatulia. Mwavita akasikia pumzi yake mwenyewe, ikitoka na kuingia. Chini palikuwa na mawe ya matumbawe, ya zambarau na ya manjano, na kasa mmoja aliyekuwa akila majani bila kuwajali. Alimtazama yule mnyama akitafuna. Alipogeuka, Hakimu alikuwa anamtazama yeye.

Kwenye boti alivua kofia ya mpira, akajifunga kitambaa chake, akamshika Chloé mikono yote miwili.

"Asante kwa kunikatalia," alisema.

Chloé alisema huwa anawauliza wote hivyo hivyo, na wengi huondoka kwa hasira, hawarudi. Kisha akageuka kufunga kamba ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Mchana ule, chumbani juu ya duka la mikate, Mwavita alisali Adhuhuri. Sijda yake ya mwisho ilikuwa ndefu hata Hakimu akachungulia mlangoni kuona kama yu mzima. Alikuwa mzima. Alikuwa anawataja mmoja mmoja kwa Mungu: daktari wa Kamembe, mwanamke wa kuku, na mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa anaunguza samaki jikoni.