Nilimwacha Pacha Wangu Chini ya Bwawa

Nimekosa mimi, na sina wa kumsingizia. Jina langu niachieni, ila kosa lichukueni, maana nimechoka kulala nalo peke yangu.

Huku kwetu, nje kidogo ya Njombe, kuna bwawa dogo la umeme lililojengwa kabla sijazaliwa. Mitambo ilizeeka, ukuta ukawa unavuja, umeme unakuja na kukatika. Wakapatikana watu wa kulijenga upya na kuongeza kimo cha ukuta. Lakini leseni mpya isingetoka mpaka makaburi yote ya bondeni yahamishwe, kwa sababu maji yangepanda hadi pale. Na mwenyekiti wa kamati ya kijiji nilikuwa mimi.

Nilizaliwa pacha. Mwenzangu aliishi siku chache tu, akazikwa kule bondeni, jiwe moja, bila msalaba. Baba ameshafariki, kwa hiyo waliolijua lile jiwe tulibaki mama na mimi. Kila aliposhuka kwenye vinyungu, zile bustani zetu za kiangazi, mama alipitia pale kung'oa majani.

Alipougua tukampeleka Makambako, kwa dada yangu anayeishi Lyamkena. Siku ya kuondoka aliniambia, "Wakifika kwa mwenzako, nipigie nije." Nikamwitikia, ndiyo mama.

Sasa oneni ujinga wangu! Kazi ya makaburi ilikwenda polepole, kila mara familia nyingine inajitokeza, na matangazo yanaanza upya. Kijiweni wakanibatiza jina, mwenyekiti wa giza. Wakicheka nacheka nao, lakini moyoni naungua. Mhandisi akanieleza kwamba likitokea kaburi jingine, leseni itachelewa, mvua zitapita, na bwawa halitajaa mpaka mwaka mwingine.

Siku ya ibada ya mwisho ya kuhamisha marehemu, mchungaji alifunga kitabu chake, akauliza mbele ya watu wote kama kuna aliyesahaulika. Macho yote yakaja kwangu. Simu ilikuwa mfukoni. Nikajiambia, alikuwa kachanga tu, hata msalaba hana, na mama mwenyewe mgonjwa, atajuaje?

"Yameisha, mchungaji," nikasema.

Jamani! Kauli fupi vile, na ndiyo iliyonimaliza. Leseni ikatoka, ukuta ukainuka, mvua zikanyesha, bonde likajaa. Umeme ulipowaka walinipigia makofi, na mimi nikasimama kuyapokea.

Mama alipopata nafuu alikuja bila kuniarifu. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa maji, mkoba wake bado mkononi. Nikamsalimia, kamwene mama. Akaniuliza kama nilisahau. Nikamjibu hapana, sikusahau, maana kumdanganya tena nilishindwa.

"Ungenipigia tu," akasema. "Ningekuja nimbebe mwenyewe mgongoni."

Hakunigombeza, na hilo ndilo linaloniua. Jioni ile ile alirudi Lyamkena. Amemwambia dada yangu kwamba akifa azikwe huko huko Makambako, asiletwe nyumbani. Mama yangu, mwenye shamba na ukoo wake hapa, akalale ugenini kwa sababu yangu! Nilikwenda na wazee wa usharika kumwomba msamaha. Alitupikia, tukala, akaongea vizuri na wazee, ila mimi hakunitazama.

Wenzangu mlio kwenye kamati, mnaoletewa mabwawa na barabara, nawasihi. Mkiulizwa kama kuna aliyebaki, semeni, hata kama ni kitoto kisicho na msalaba. Waacheni watu wawacheke. Leseni ikichelewa, ichelewe! Msijifanye ninyi ndio wa kupima ni marehemu yupi wa kuhamishwa na yupi wa kuachwa, kama nilivyojifanya mimi.

Kuitwa mwenyekiti wa giza mwaka mmoja zaidi ningevumilia. Siku hizi umeme haukatiki. Kila Jumapili baada ya ibada nampigia mama, na hapokei.