Beberu wa Uwani kwa Bibi

Juzi, rafiki yangu msomaji, nilikuwa stendi ya Kibiti natafuna muhogo wa kukaanga, ikapita bodaboda imepakia beberu. Harufu yake ilifika kabla ya pikipiki, na nadhani hadi leo haijaondoka. Watu waliziba pua. Mimi nilivuta pumzi mpaka kifua kikajaa.

Nilikulia Mtawanya kwa bibi yangu, na bibi alikuwa na beberu mkubwa kama trekta. Kijiji kizima kilimtegemea. Mbuzi jike wa mtu akianza kulia ovyo na kutikisa mkia, analetwa kwetu. Bibi hakudai kitu, ila desturi ilikuwa mgeni asije mikono mitupu wala asiondoke upesi. Huyu kaja na kisamvu, yule na kunde mbichi. Mbuzi wakiwa na shughuli zao, wenyewe wanatwanga, wanapepeta, wanataniana. Kicheko cha bibi, wallahi, kilisikika mpaka Mbwara.

Mimi beberu yule nilimchukia, maana shuleni waliniita Marashi. Basi bwana mifugo alipokuja na mtungi wake unaofuka moshi wa baridi, akaeleza kwamba mbegu za mbuzi wa maziwa hupandishwa kwa mrija tu, nilimganda bibi kama kupe.

"Bibi, maziwa ndoo nzima! Beberu wa nini tena?"

"Haya, mume wangu msomi. Na wageni wangu watafuata nini hapa?"

"Watafuata maziwa."

Akacheka, akakubali kwa ajili yangu. Majirani kuona mwenye beberu kakubali, nao wakakubali. Idi ilipofika tukamchinja beberu, na mimi nilikula kama niliyetoka jela.

Bwana mifugo akarudi na mirija yake, akachungulia zizini.

"Beberu yuko wapi?"

"Tumeshamla!" wakajibu majirani, wanacheka.

Akashika kichwa. "Jamani! Nilitaka tumfunge gunia tumboni asiweze kupanda, atuonyeshe tu nani anataka dume. Sasa nitamjuaje?"

Kumbe majike wasiponusa dume huweza kukaa kimya kama wamefiwa. Akapandisha kwa kubahatisha, wengi hawakushika mimba. Baadaye akaleta beberu mwingine, akamweka kwenye banda lake kule barabarani, na watu wote wakawa wanapeleka mbuzi huko. Maziwa yakapatikana kweli, siwezi kudanganya. Uwani kwetu tu ndiko kulikonyamaza.

Siku hizi kinu cha bibi hakipo, na zizi limeota majani. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, ndevu zimenijaa, na huo uhimilishaji wa mrija naweza kuwaeleza mbuzi wenyewe wakaelewa. Lakini lile jibu langu, kwamba watafuata maziwa, kila nikilikumbuka nataka kujificha chini ya kitanda.

Bibi hakunilaumu hata siku moja. Aliendelea kupika sufuria ileile kubwa, ya watu wengi. Jua likizama ananisogezea bada la muhogo na kisamvu cha nazi kilichobaki.

"Kula, mume wangu. Leo wamechelewa tu."

Nami nilikula, nikamaliza chote, ili asione kilivyokuwa kingi.