Ng'ombe Chumbani Kwangu

Mwaka nilioanza kufundisha, mama alihamia kwangu Rau. Alishuka kutoka Marangu na ng'ombe wake. Nilimwambia mjini maziwa yanauzwa. Akasema hayo ni maji yaliyoonyeshwa ng'ombe kwa mbali.

Kiwanja changu kilikuwa kidogo, na kila baada ya muda nyumba mpya ilichomoza kando yetu. Banda tukalibana kwenye ukingo wa mfereji, samadi ikaenda ilikotaka.

Jumamosi moja asubuhi jirani akaja mbio. "Bwana afya anakagua mifugo!"

Mama hakusita. Alimsukuma ng'ombe hadi chumbani kwangu, akafunga mlango, akatenga chai.

Bwana afya alikuwa kijana mwenye adabu. Alikunywa, akasifu maziwa. Mara chumbani kukatoka mlio.

"Nani huyo?"

"Dada yangu mkubwa," mama akajibu. "Kifua kinamsumbua."

Mimi nilikodolea macho kikombe changu. Bwana afya akainuka, akausogelea mlango.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Ng'ombe akajibu kwa kirefu.

"Pole sana. Mmempeleka hospitali?"

"Hapendi sindano," akasema mama.

Hapo komeo likaachia. Ng'ombe akatoka, pazia langu likining'inia kwenye pembe yake, anatafuna daftari la darasa la tano.

Nilidhani tutapelekwa mahakamani. Badala yake bwana afya, akijitahidi asicheke, alituongoza nyuma ya nyumba hadi mferejini. Hatua chache chini yetu wanawake walikuwa wakifua kwa maji ya kijani. Mmoja alipotuona aliinua shuka lililowahi kuwa jeupe. Mama akalitazama shuka, kisha akaligeukia banda lake.

"Ng'ombe abaki," akasema bwana afya, "ila banda lihame, na samadi ichimbiwe shimo."

Tulichimba wiki nzima ya likizo. Wale wanawake walikuja kutucheka, kisha wawili wakashika majembe. Haikupita miezi mingi wakaanza kugombea samadi kwa ajili ya bustani zao za mboga, na mama akawa anaigawa kwa pauro kwa maringo, kama anayegawa keki ya harusi. Mferejini mawe yakaanza kuonekana tena.

Nilipomuuliza mama lini atarudi Marangu, alinishangaa. Kule, alisema, hakuna anayekushukuru kwa mavi ya ng'ombe.