Nilivyomshuku Mwalimu Righa kwa Pesa za Michezo

Jumamosi ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyomvizia mtu mzima nikidhani ni mwizi, na kumbe aliyekuwa akinyata ni mimi.

Nilikuwa mwalimu mchanga, nimetoka chuo mwaka uliotangulia, nikifundisha shule moja ya msingi nje ya Voi, upande wa Ndara. Uwanja wetu ulikuwa vumbi na miiba, na asubuhi nyingine tulikuta kinyesi cha ndovu golini. Nilisimamia netiboli. Nilikuwa na wasichana kumi na wawili, na nilitaka jambo moja tu: waende mashindanoni na jezi mpya, kila mmoja na namba yake mgongoni. Serikali ilikuwa imeanza kutuma pesa za michezo peke yake, zisichanganywe na za chaki wala za madawati. Zilipofika, mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Righa, alitutangazia mwenyewe. Kisha akanyamaza.

Alikuwa mtu wa milimani, mfupi wa maneno. Nilipomwuliza habari za jezi alisema tu kwamba pesa zitatumika kwa michezo, akarudi kwenye karatasi zake. Jibu hilo lilinikaa vibaya. Nikaanza kumchunguza. Nikaona amevaa viatu vipya. Nikaona pikapu imeshusha magunia nyumbani kwake, si shuleni. Nikaona fundi seremala anaingia kwake kila jioni na mbao begani. Ukishamshuku mtu, mwanangu, hata akikohoa utasikia ushahidi.

Basi Jumamosi hiyo nikajifanya naenda dukani, nikapita nyuma ya ua wake wa minyaa. Penye upenyo nikachungulia. Mbao zilikuwa zimepangwa, kamba mpya za mkonge zimerundikwa, na yule fundi anapiga randa. Nikasema moyoni, anajenga. Anajenga kwa pesa za watoto wetu. Ningeweza kubisha hodi. Alikuwa pale pale, hatua kumi kutoka niliposimama, ameshika kikombe cha chai. Sikubisha. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mkamburi, mwenyekiti wa wazazi, aliyekuwa na duka la nafaka mjini. Nikamweleza nilichokiona, nikaongeza kidogo na nisichokiona.

Mama Mkamburi hakuwa mtu wa kulaza habari. Wiki haikuisha, mkutano ukaitwa. Mwalimu Righa alisimama mbele ya wazazi akaeleza kwamba vifaa viko kwake kwa kuwa stoo ya shule imeliwa na mchwa. Akasema ameagiza vya watoto wote, si vya timu peke yake, na kwamba mkufunzi atakuja kutufundisha sisi walimu namna ya kuendesha kipindi cha michezo. Mzazi mmoja akauliza tangu lini walimu wakafundishwa kucheza, watu wakacheka. Hakuna aliyemsikiliza. Walikuja na jibu lao tayari, na aliyelitunga ni mimi. Nilikaa nyuma nimeinamisha kichwa, nikingoja mtu aseme twende tukaangalie kwanza. Hakuna aliyesema. Nami sikusema.

Malalamiko yakafika ofisi ya elimu, na kabla ya mwezi kwisha alihamishwa hadi shule moja kule Chala, karibu na mpaka, mbali na mke wake na shamba lake.

Juma lililofuata pikapu ile ile ikaja, safari hii shuleni. Fundi akashusha vihunzi vidogo vya mbao vya kuruka, magunia ya mipira midogo ya kutosha darasa zima, na kamba za kuruka, nyingi kuliko nilizowahi kuona mahali pamoja. Akasema Mwalimu Righa alimwachia neno amalize kabla mkufunzi hajafika. Tukaanza kubeba vyote darasani.

Mkufunzi naye akafika, mama mmoja mwenye filimbi shingoni, akatutoa walimu wote uwanjani. Tulikuwa na Mwalimu Shali wa darasa la kwanza, aliyebakisha miaka miwili astaafu. Kipindi cha michezo kwake kilikuwa kuwarushia watoto mpira mmoja na kurudi kivulini kusahihisha madaftari. Siku hiyo aliruka kamba mpaka kilemba kikamwanguka. Tangu hapo darasa lake lote lilicheza, hata wale wanyonge ambao zamani walikaa pembeni kulinda viatu vya wenzao. Lakini siku ile ya mkufunzi, mimi nilisimama tu na kamba mkononi, sikuiruka.

Nilikaa na jambo hilo muhula mzima. Shule zilipofungwa nikapanda gari hadi Taveta, kisha bodaboda hadi Chala. Nilimkuta Mwalimu Righa anapalilia mahindi kwenye kipande alichokodi. Nikamwambia yote. Akaendelea kupalilia mpaka nilipomaliza.

"Kushuku hakukuwa kosa, Wakesho," akasema. "Pesa za watoto zimeliwa mara nyingi, na waliozila nawajua. Kosa lako ni kwamba shaka yako uliipeleka kwa watu wote isipokuwa mimi." Akatua jembe chini. "Na mimi nilikosa. Uliponiuliza habari za jezi, ningekuonyesha."

Nilipomweleza habari za Mwalimu Shali alicheka, kisha akarudi kwenye jembe lake. Hakusema amenisamehe. Mpaka leo sijui.

Niliporudi nilisimama kwenye mkutano wa wazazi nikasema ukweli. Wengine walinisikia. Wengine, hata leo, wakimtaja Mwalimu Righa pale stendi ya Voi husema, yule aliyekula pesa za michezo.

Sasa wewe umekabidhiwa michezo kule Miasenyi, na umeniambia una wasiwasi na mwalimu mkuu wako. Sikwambii uuzime. Mimi mwenyewe nikisikia pesa zimetengwa, masikio husimama. Ila mwendee mwenyewe mchana, mwombe akuonyeshe. Akikataa, nenda kwa bodi na ulichokiona kwa macho yako, usiongeze neno. Na ukitaka kujua kama pesa zimefanya kazi, usitazame jezi wala kombe. Simama uwanjani wakati wa kipindi, uangalie ni watoto wangapi wamekaa chini.

Mungu akupe macho makali na ulimi wenye subira. Akujalie uwanja ambao hakuna mtoto anayeketi kutazama wenzake, na siku utakayostaafu, pasiwe na mtu popote anayebeba jina baya ulilompa wewe.